Safari ya Siku Nne Mombasa

Mtu atakaye kuutazama mji wa bandari hana budi kuuliza kwanza, "Maji yako wapi?" Mji wa bara waweza kuutazama upendavyo, ukaanza upande huu au upande ule, asubuhi au jioni. Lakini mji wa bandari una bwana wake, naye ni bahari. Bahari ndiyo iamuayo utavuka saa ngapi, utaoga saa ngapi, na magari yatasongamana mahali gani. Katika somo hili tutaona jinsi ya kupanga safari ya siku nne kwenda Mombasa, mwisho wa juma ambao Jumatatu yake ni sikukuu. Tuseme kwamba wasafiri ni wanafunzi thelathini wa shule ya bara, karibu na Nairobi, pamoja na walimu wao watatu, na kwamba wengi wao hawajapata kuiona bahari. Fedha za safari zimetolewa na wazazi kidogo kidogo, wengine kwa kuuza kuku na mayai. Kwa hiyo siku moja ikipotea bure, ni hasara ya watu wengi.

Mombasa ni kisiwa. Watu wengi wanaosikia jina hilo hawalifahamu jambo hili, nalo ndilo la kwanza kujua. Kisiwa chenyewe si kikubwa, nacho kimezungukwa na maji ya bahari yaliyoingia ndani ya nchi kama mikono miwili. Mkono wa kaskazini ni hori ya Tudor, na mlangoni pake ipo Bandari ya Kale, ambapo majahazi ya Arabuni na Uajemi na Bara Hindi yalitia nanga kwa mamia ya miaka. Mkono wa kusini ni Kilindini. Neno kilindi maana yake ni maji yenye kina kirefu, na jina hilo latueleza kwa nini meli kubwa za siku hizi huingia huko wala haziendi kwenye bandari ya zamani. Njia za kutoka kisiwani ni tatu tu zenye watu wengi. Magharibi ni daraja la Makupa, lielekealo barabara ya Nairobi. Kaskazini ni daraja la Nyali. Kusini ni feri ya Likoni. Chukueni karatasi, mchore kisiwa na njia zake tatu. Aliyeichora ramani hiyo kwa mkono wake mwenyewe amekwisha kuipanga nusu ya safari.

Sasa tuchague majira. Mwezi wa Aprili na wa Mei ni masika, na mvua ya pwani si ya kuchezea. Njia hufurika na nguo hazikauki. Kuanzia Januari hadi Machi jua ni kali, na pepo ni za kaskazi. Tangu Juni hadi Septemba pepo za kusi huleta hali ya hewa nzuri, ijapokuwa bahari huchafuka kidogo na mwani hutupwa pwani. Zamani pepo hizi mbili ndizo zilizokuwa ratiba ya mabaharia wote. Jahazi lilikuja na kaskazi, likileta tende na mazulia, likangoja miezi, likarudi na kusi limebeba boriti na pembe. Nahodha aliyechelewa kuondoka alikaa hadi mwaka wa pili. Sisi twaweza kusafiri mwezi wowote, lakini tuzitafute siku za mapumziko. Sheria ya Kenya yasema kwamba sikukuu ya taifa ikiangukia Jumapili, Jumatatu ifuatayo huwa ya kupumzika. Basi tazameni kalenda mwanzo wa mwaka, mwone Madaraka ya tarehe 1 Juni au Mashujaa ya tarehe 20 Oktoba yataangukia siku gani.

Baada ya kalenda ya serikali, itazameni kalenda ya mwezi wa mbinguni. Hili wageni wengi hawalifanyi, na mimi naliona kuwa kubwa kuliko yote. Katika pwani yetu maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kila siku, na kila siku hukawia karibu dakika 50 kuliko jana yake. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, ndizo siku za bamvua. Maji hujaa sana na kupwa sana, na tofauti kati ya kujaa na kupwa hupita meta tatu. Siku hizo maji hupwa karibu na saa nne au saa tano ya asubuhi. Mtoto aliyetoka bara kwa hamu ya kuogelea akifika pwani saa hiyo, atakuta bahari imekimbia, imeacha mawe, mchanga na vidimbwi. Lakini kwa mwalimu wa elimu ya viumbe saa hiyo ni karamu, kwa maana wanafunzi wataona kaa, konokono na viti vya pweza katika madimbwi. Wavae viatu, maana katika mawe hayo wapo wadudu weusi wenye miiba mirefu inayovunjikia mguuni. Siku za maji mafu, yaani mwezi unapokuwa nusu, mambo hugeuka, na asubuhi hiyo hiyo maji huwa yamejaa. Basi anayeijua hali ya mwezi aweza kujua akiwa Nairobi kama Jumapili yake itakuwa siku ya kuoga au siku ya kutazama kaa.

Siku ya kwanza, Ijumaa, ni ya njia, wala msiipangie jambo jingine. Reli ya zamani ilianza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896, ikafika Kisumu mwaka 1901. Reli mpya ilianza kuchukua abiria mwaka 2017, nayo huenda kutoka Nairobi hadi Miritini, mwendo wa karibu kilometa 480. Yako matreni mengine yaendayo haraka, na yako yasimamayo njiani, kama vile Mtito Andei na Voi. Kwa wanafunzi nachagua lile la asubuhi lisimamalo, kwa kuwa hupita nchi ya Tsavo mchana, na mwenye macho hukosa mara chache kuona tembo waliopakwa vumbi jekundu. Ni nchi ile ile ambayo mwaka 1898 simba wawili waliwala wajenzi wa reli hata kazi ya daraja ikasimama. Tiketi zinunuliwe mapema, za kwenda na za kurudi pamoja, maana katika siku za sikukuu nusu ya Nairobi huwa na nia moja nanyi. Tena kumbukeni ile ramani mliyoichora. Miritini iko bara, nje ya kisiwa, na treni halitawafikisha mjini. Gari la kuwapokea litafutwe kabla ya kuondoka nyumbani.

Jumamosi asubuhi ni ya Ngome, yaani Fort Jesus. Anzeni saa mbili, kabla jua halijawa kali. Wareno walifika Mombasa mara ya kwanza mwaka 1498, wakati Vasco da Gama alipopita akielekea Malindi. Karibu miaka mia baadaye, kati ya 1593 na 1596, waliijenga ngome hii juu ya mwamba wa matumbawe, kwenye mlango wa Bandari ya Kale. Aliyeichora alikuwa Mwitalia, Giovanni Battista Cairati, naye aliifanya kwa mfano wa mwili wa mtu. Simameni juu ya ukuta, mtazame baharini, mtaelewa mara moja kwa nini ilijengwa hapo wala si mahali pengine. Hakuna chombo kilichoweza kuingia bandarini bila kupita mbele ya mizinga yake.

Msipite upesi ndani ya Ngome. Mwaka 1696 jeshi la Waarabu wa Omani liliizunguka, na mazingira hayo hayakwisha hata Desemba 1698. Waliokuwamo walikufa kwa njaa na maradhi kuliko kwa silaha, na Ngome ilipotwaliwa walikuwa wamesalia wachache mno. Meli moja ya Wareno, Santo António de Tanná, ilizama mbele ya Ngome mwaka 1697. Ilikaa chini ya maji karibu miaka 280, hata wapiga-mbizi wakaichimbua kati ya 1977 na 1980, na vitu vyake vyaonekana katika nyumba ya makumbusho iliyomo humo. Zipo pia picha za meli walizozichora askari Wareno ukutani. Mimi hupenda wanafunzi wakae mbele ya picha hizo kuliko mbele ya mizinga. Mzinga watuonyesha nguvu za mfalme, lakini ile michoro yatuonyesha mtu aliyekaa mbali na kwao, akichora chombo ambacho kingeweza kumrudisha. Kuanzia 1895 hadi 1958 Ngome ilikuwa gereza, na mwaka 2011 ikatiwa katika orodha ya urithi wa dunia.

Kutoka Ngomeni, Mji wa Kale ni hatua chache. Njia zake ni nyembamba, kwa kusudi, ili nyumba zitiliane kivuli. Tazameni milango iliyochongwa na roshani za mbao. Nendeni wanne wanne au watano watano, si kundi la watu thelathini wanaoziba njia, kwa maana hizi ni nyumba za watu, wala si maonyesho. Mvae nguo za heshima, mwasalimu wazee, wala msimpige mtu picha bila ya kumwomba ruhusa. Ibn Battuta alipopita Mombasa mwaka 1331 aliandika habari za ndizi na samaki walizokula wenyeji, na jinsi walivyonawa miguu kabla ya kuingia msikitini. Mgeni mwema huandika mambo kama hayo, nanyi mwe na madaftari yenu.

Adhuhuri mpumzike. Saa tisa mwende Likoni, mvuke kwa feri na kurudi. Watu wa miguu hawalipi kitu, nami sijui somo la jiografia lililo bora kuliko hili, tena la bure. Feri hukata mlango wa Kilindini, nao ndio mlango wa pekee wa meli zote ziingiazo bandari kubwa. Meli ikija, feri hungoja. Mtaona nyumba nzima za chuma zikipita juu ya vichwa vyenu, zimejaa makasha yenye mali ya Kenya, Uganda, Rwanda, Sudan Kusini na Kongo ya mashariki. Kuingia ndani ya gati si ruhusa kwa mtu asiye na kibali. Lakini aliyesimama juu ya feri hakosi kitu. Epukeni siku za kazi asubuhi na jioni, maana wakazi wa kusini huja kisiwani kwa kazi kisha hurudi kwao, na msongamano huwa mkubwa. Hapo walimu washike zamu. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe, karibu na hapo, ilipinduka ikiwa imejaza watu kupita kiasi, wakafa watu 272. Basi hesabuni watoto kabla ya kuingia na baada ya kutoka. Wasikimbie, wala wasiegemee ukingoni. Feri ikiwa imejaa, ngojeni nyingine, hata kama wenzenu watawacheka.

Karibu na kivuko ipo bustani ya Mama Ngina, yenye mibuyu mikubwa sana, ikitazama mlango huo huo wa meli. Kaeni hapo mpaka jua lichwe, mle mihogo ya kukaanga na viazi karai, mnywe madafu.

Jumapili vukeni daraja la Nyali kwenda kaskazini, na kama maji yamejaa asubuhi, anzeni na bahari huko Bamburi. Mtoto asiyejua kuogelea asipite maji ya magotini, na mwalimu mmoja asimame majini wakati wote akitazama pwani, si akitazama upeo wa bahari. Maji yakipwa, mwende Haller Park. Mahali hapo palikuwa shimo tupu, mawe yake yamechimbwa na kiwanda cha saruji, hata majani hayakuota. Mwaka 1971 René Haller alianza kujaribu miti ya namna nyingi. Mingi ilikufa, lakini mvinje ulikubali. Majani yake yalipoanguka hayakuoza, ndipo akaleta majongoo wayatafune, na samadi yao ikawa udongo. Leo wapo twiga na viboko ambapo hapakuwa na hata mjusi. Watoto wengi hukumbuka twiga; nami nasema wamkumbuke jongoo.

Jumatatu, siku ya kurudi, msipange jambo lolote ng'ambo ya feri. Saa moja ya kungoja kivukoni yatosha kuwanyima treni. Kaeni kisiwani, mwende Marikiti mkawanunulie mama zenu iliki, mdalasini na bizari, mpite chini ya zile pembe kubwa za bati katika barabara ya Moi, kisha mle mapema. Mfike Miritini saa moja na nusu kabla ya treni kuondoka, kwa kuwa mizigo yote hukaguliwa, na foleni ya sikukuu ni ndefu. Mwenye chupa ya maji ya bahari aifunge vizuri, isije ikalowesha madaftari.