Kikohozi cha Dawa ya Presha

Ndugu msomaji, je, unatumia dawa ya presha? Kama wewe huitumii, huenda mama yako au jirani yako anaitumia. Leo tutazungumza juu ya kikohozi kinacholetwa na baadhi ya dawa hizo. Kikohozi chenyewe hakiui mtu. Lakini watu wengi huacha dawa kwa sababu yake, na mtu wa presha akiacha dawa anaweza kupata kiharusi.

Kwanza tukumbushane presha ni nini. Moyo husukuma damu ndani ya mishipa. Mishipa ikikaza, damu hupita kwa nguvu kuliko inavyotakiwa. Hiyo ndiyo presha ya kupanda. Mtu akipimwa zaidi ya mara moja na kukutwa na 140 kwa 90 au zaidi, ana presha. Wengi wao hawasikii maumivu yo yote. Huanza kumeza vidonge wakiwa wanalima na kubeba maji kama kawaida. Kisha vidonge ndivyo vinavyowaletea usumbufu. Mtu wa namna hiyo akiona afadhali ugonjwa kuliko dawa, mimi simshangai.

Sasa chukua pakiti yako ya dawa. Soma jina la dawa polepole. Tazama herufi nne za mwisho. Je, ni P, R, I, L? Kama ndivyo, dawa yako ni ya ukoo tunaouzungumzia. Katika ukoo huo kuna kaptoprili, enalaprili na lisinoprili. Ukijua kusoma herufi hizo nne tu, tayari umejua jambo kubwa juu ya dawa yako.

Ukoo huu wa dawa una historia ya ajabu. Huko Brazili kuna nyoka aitwaye jararaka. Akimuuma mtu, presha ya mtu huyo hushuka sana. Mwaka 1965 mtaalamu wa Brazili, Sérgio Ferreira, alieleza kitu alichokipata katika sumu ya nyoka huyo. Wataalamu wa Marekani wakajifunza kutokana na kitu hicho, na mwaka 1975 wakatengeneza kaptoprili. Mwaka 1981 dawa hiyo iliruhusiwa kutumika kwa wagonjwa nchini Marekani. Msiogope, wazee wangu. Ndani ya kidonge hamna sumu ya nyoka. Wataalamu waliiga jinsi sumu inavyofanya kazi, basi.

Je, kikohozi kinatoka wapi? Fikiria kibarua wa mashine ya kusaga. Ana kazi mbili. Anasaga, na pia anafagia pumba. Ukimsimamisha, kusaga kunakoma, lakini pumba nazo zinajaa sakafuni. Ndani ya mwili wetu kuna kibarua wa namna hiyo. Kazi yake ya kwanza ni kutengeneza kitu kinachokaza mishipa. Kazi yake ya pili ni kuondoa kitu kingine, ambacho kikizidi huwasha koo na njia ya hewa. Dawa humsimamisha kibarua huyu. Mishipa hulegea na presha hushuka, na hilo ndilo tunalotaka. Lakini kile kitu kinachowasha hakiondolewi vizuri. Hapo mtu huanza kukohoa.

Kikohozi hiki ni kikavu. Hakitoi makohozi. Koo huwasha kana kwamba kuna unyoya, na usiku mtu halali. Wengine huanza kukohoa baada ya wiki moja au mbili, wengine baada ya miezi kadhaa. Si kila mtu hupatwa. Katika watu 100 wanaotumia dawa hizi, watu 5 mpaka 20 hivi hukohoa. Wanawake hupatwa zaidi kuliko wanaume.

Kijijini kikohozi kirefu hakikosi maneno. Mama mmoja aliyekuwa akitibiwa kwetu alikohoa karibu miezi minne. Majirani walinong'ona kuwa ni kifua kikuu. Watoto wakakatazwa kula nyumbani kwake. Alipima makohozi, hakuonekana na kifua kikuu. Akanunua dawa ya maji ya kikohozi, chupa baada ya chupa. Siku moja vidonge vyake vya presha vilimwishia, naye akachelewa kufuata vingine. Kikohozi kikapoa. Mama akaamua kuviacha kabisa, wala hakutuambia, kwa kuwa aliogopa kukaripiwa. Aliporudi alikuwa na kichwa kinachomuuma na presha ya 210 kwa 120.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Dawa zenu ndizo zilizokuwa zikinikohoza."

Mama yule alisema kweli. Alikuwa amegundua mwenyewe jambo ambalo chupa zote zile hazikuligundua. Alibadilishiwa dawa, na presha yake ikashuka bila kikohozi.

Ndiyo maana nasema mgonjwa ana haki ya kusema dawa inamsumbua. Zipo dawa nyingine. Losartani huzuia kile kitu kinachokaza mishipa kwa njia nyingine, nayo mara chache huleta kikohozi. Ipo pia amlodipini, ambayo hulegeza mishipa. Wapo wanaodhani wakibadilishiwa wanapewa dawa hafifu. Si kweli. Utafiti uliotangazwa mwaka 2019 ulifanywa katika nchi 6 za Afrika, zikiwemo Kenya, Uganda na Msumbiji. Wagonjwa walipewa dawa mbilimbili. Waliopata mchanganyiko wenye amlodipini presha zao zilishuka vizuri zaidi kuliko wale waliopata mchanganyiko usio nayo.

Amlodipini nayo ina yake. Huweza kuvimbisha miguu kwenye vifundo. Vidonge vya kukojoza humpeleka mtu chooni mara kwa mara, basi ni vizuri kuvimeza asubuhi. Lakini nayo hayo yasemwe zahanati.

Tahadhari. Usiseme kila kikohozi ni cha dawa. Ukikohoa wiki mbili au zaidi, pima kifua kikuu hata kama pakiti yako ina zile herufi nne. Ukitoa makohozi yenye damu, ukitokwa jasho usiku, ukiwa na homa au ukikonda, usingoje wiki mbili. Na kama unakosa pumzi unapolala chali, huenda moyo umechoka. Njoo upimwe.

Kuna jambo jingine la hatari zaidi. Dawa za ukoo huu huweza kumvimbisha mtu midomo, ulimi au uso. Huwapata watu wachache, lakini sisi Waafrika hutupata zaidi kuliko Wazungu. Huweza kuja hata baada ya miezi au miaka ya kutumia dawa. Likitokea, usimeze kidonge kingine, na usilale ukingoje asubuhi. Pelekwa kituo cha afya au hospitali saa hiyo hiyo, kwa maana koo likivimba hewa haipiti.

Mama mjamzito asitumie dawa hizi. Zinaweza kumdhuru mtoto tumboni. Akijua ana mimba, aje upesi apewe dawa nyingine. Kwa sababu hiyo pia usimgawie jirani vidonge vyako. Hujui ana nini tumboni, pengine hata yeye hajui bado.

Unapokuja zahanati kwa ajili ya kikohozi, leta pakiti zote za dawa unazotumia, pamoja na za mitishamba. Sema ulianza vidonge lini na kikohozi kilianza lini. Endelea kumeza dawa mpaka utakapobadilishiwa, isipokuwa kama umevimba au una mimba kama tulivyoeleza. Ukishabadilishiwa, kikohozi hakitakoma siku hiyo hiyo. Kwa wengi hupoa katika wiki 1 mpaka 4. Kwa wachache huchukua hata miezi mitatu. Rudi kupima presha tarehe utakayoandikiwa, na kama bado unakohoa, sema.