Kiuno cha kiriba

"Hicho kimekunjika kiuno. Mwaga, anza upya."

Aliyeambiwa hivyo ni kijana aliyekuwa amechuchumaa kando ya barabara ya Bagamoyo, Dar es Salaam, akijaza udongo kwenye vifuko vyeusi vya plastiki. Aliyesema ni mama mwenye kitalu. Mimi nilikuwa nimesimama kuulizia bei ya mwarobaini, na baada ya kusikia hayo sikuweza kuondoka tena. Vifuko vile wanaviita viriba. Kwa wengi wetu kiriba ni neno tunalolisikia zahanati tukionywa kuhusu kiribatumbo, na ukifungua kamusi utakuta ni mfuko wa ngozi ambao wasafiri walikuwa wakichukulia maji. Sasa kinabebea mti, kina kiuno, na kiuno hicho kinaweza kuharibika.

Mama huyu aliomba jina lake lisiandikwe, na sababu itaonekana mbele. Amezeekea kwenye miche. Nilipomuuliza kosa la yule kijana lilikuwa nini, alinivutia kigoda.

"Mwanangu, watu wanatazama majani," alisema. "Mimi namuuzia mtu mizizi. Majani ni tangazo tu."

Kazi huanza na udongo. Anachanganya madebe matatu ya udongo wa juu, debe moja la samadi iliyooza vizuri na debe moja la mchanga, kisha anaunyunyizia maji mpaka ukiufinya kiganjani ushikane bila kuchuruzika. Ukiwa mkavu mno, utamwagikia chini, kwa kuwa viriba vingi ni mrija tu usio na kitako. Ukiwa chapachapa, utaganda kama tofali na mche utakosa pumzi. Konzi ya kwanza hushindiliwa kwa vidole ili iwe kitako. Baada ya hapo udongo huingizwa kidogo kidogo, na kila mara kiriba hugongwagongwa chini taratibu, hadi kijae karibu na mdomo. Kikisimamishwa, kinatakiwa kisimame chenyewe, wima.

Hapo ndipo penye kiuno. Mjazaji akiwa na haraka, udongo hupwaya katikati na plastiki hujikunja. Kwa nje ni mkunjo mdogo usiomshtua mtu. Ndani, mzizi mkuu unaoshuka ukifika pale hukuta njia imebanwa, ukapinda, na ukishapinda hivyo haunyooki tena. Mche utachipua, utauzwa, utapandwa mbele ya nyumba ya mtu na kumpa kivuli kwa miaka. "Siku upepo wa kusi ukivuma kwa nguvu, mti unalala," alisema. "Watalaumu upepo. Mti ukianguka mwaka wa sita, nani anakumbuka kiriba?"

Alichomoa mche mmoja wa mkungu akanionyesha chini yake. Mizizi ilikuwa imekwishatoka nje na kuanza kung'ang'ania ardhi. Ndiyo maana kila baada ya muda viriba vyote huinuliwa, mizizi iliyotoroka ikakatwa kwa wembe, na miche ikarudishwa ikiwa imepangwa upya, mirefu nyuma na mifupi mbele. Mche usioinuliwa huwa umehamia pale kimyakimya, na siku ya kuuzwa hung'olewa badala ya kubebwa. Mnunuzi anapewa mti ulioacha nusu ya mizizi yake kitaluni, naye hana namna ya kujua.

Nilimsikiliza nikipenda kila neno. Mbegu hawazipandi, wanazisia. Matawi hawayakati, wanayapogolea. Mche haupelekwi juani ghafla, unakomazwa: unapunguziwa maji na kivuli polepole ili uizoee shida kabla ya kuhama. Na kitalu chenyewe, neno ambalo zamani lilikuwa ukuta au uzio wa kuzungushia bustani, leo utalikuta kwenye habari za uwindaji na za gesi baharini. Hapa limebaki na miche, ila halina tena ukuta wowote. Wanunuzi hawana lugha hii. Wanakuja na picha kwenye simu, wananyoosha kidole: ule wa mwavuli, yale maua ya ukutani. Naye hawasahihishi. Anawauliza tu wanataka mti ufanye kazi gani, uwape kivuli, uwe ugo, utambae au ufunike udongo.

Anachokasirikia ni kingine. Watu wanapanda mti pamoja na kiriba chake. Wanachimba shimo, wanatumbukiza, wanafukia, plastiki ikiwa nzima. Mizizi inazunguka humo ndani mpaka inajinyonga. Siku hizi, kabla ya kupokea hela, hukichana kiriba kimoja kitupu mbele ya mteja ili aone inavyofanywa. Baadhi hucheka. Zuio la mifuko ya plastiki lililoanza Tanzania tarehe 1 Juni 2019 liliacha vifungashio vya kilimo, kwa hiyo viriba havijapigwa marufuku. Lakini vikishachanwa vinakwenda wapi? Anawaomba wateja wamrudishie. Sikuona rundo la vilivyorudishwa.

Sasa ile sababu ya jina. Kitalu chake kipo ndani ya hifadhi ya barabara, ambayo kwa Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilipanuliwa katika barabara kuu na za mikoa hadi mita 30 kila upande kutoka katikati. Anajua hivyo, wala halalamiki kwamba hakuambiwa. Pale alipo ndipo magari yanaposimama, na ardhi ya kununua mjini haiwezi. Kwa hiyo hajapanda chochote ardhini. Kila alicho nacho kimo ndani ya kiriba, tayari kubebwa.

Nyumba ikitakiwa kubomolewa huchorwa X nyekundu ukutani, na mwenye nyumba walau anajua aanze kuhangaika. Mche huchorwa wapi? Fidia inapolipwa nchini mwetu mazao nayo huhesabiwa, lakini haya yasiyogusa ardhi, yaliyosiwa, yaliyokatwa mizizi na kukomazwa kwa mkono wa mtu, yataingia katika hesabu gani? Nilimuuliza kama kuna aliyewahi kuja kuyahesabu. Akasema hakuna, na kwamba yeye haombi fidia. Anachoomba ni kuambiwa mapema, kwa sababu gari moja la kukodi halimalizi viriba vyake vyote kwa siku moja, na vikirushwa ovyo, udongo wa ndani unapasuka.