Utalii Unakuja West Nile: Mfanyakazi Atapata Nini?



Tunaambiwa kwamba utalii utaleta kazi Arua na Koboko. Arua ilifanywa jiji mwaka 2020, lami imefika, na hifadhi ya Murchison Falls iko ng'ambo tu ya daraja la Pakwach. Hatukatai. Lakini kazi hii yafaa tuielewe kabla ya kuwatuma watoto wetu huko.

Sisi wa mashambani na viwandani tumezoea mali inayongoja. Lori likichelewa, tumbaku hukaa ghalani. Kitanda cha hoteli hakingoji: kisipolaliwa leo, fedha ya usiku huo imepotea. Ndiyo sababu wageni wakipungua, mwenye hoteli hupunguza watu mara moja, akianza na dobi, mpishi msaidizi na wafagiaji.

Na wageni hupungua kwa mambo ambayo mfanyakazi hana kosa nayo. Mwaka 2019 Uganda ilipokea wageni zaidi ya 1,500,000. Mwaka 2020, mipaka ilipofungwa kwa sababu ya korona, hawakufika 500,000. Septemba 2024 daraja la Karuma lilifungwa kwa matengenezo, mabasi yetu yakazunguka mbali. Tena wageni wengi wanaolala Arua hawakufuata wanyama: ni wafanyabiashara wa Kongo na Sudan Kusini, na watumishi wa mashirika ya wakimbizi, ambao Marekani iliwakatia misaada mwaka 2025. Mtalii mwenyewe hutazama twiga karibu na Pakwach, akarudi Kampala. Anatuachia vumbi, na kwa lami hii hata vumbi hakuna!

Asilimia 20 ya kiingilio cha hifadhi hurudishwa kwa wananchi wanaopakana nayo. Hiyo si mshahara wa mtu. Mshahara wa chini wa nchi uliwekwa mwaka 1984, shilingi 6,000 kwa mwezi, na muswada wa kuubadili uliopitishwa na Bunge mwaka 2019 Rais hakuutia sahihi. Kwa hiyo kinachobaki ni mkataba. Sheria ya Kazi ya mwaka 2006 inampa mfanyakazi haki ya kupewa masharti yake kwa maandishi. Na tangu mwaka 2022 kila mwajiri, hata mwenye mtumishi mmoja, lazima apeleke akiba NSSF: mfanyakazi asilimia 5, mwajiri asilimia 10. Anayesema hoteli yake ni ndogo mno anadanganya.

Kijana akiitwa kazini hotelini, aombe karatasi hiyo na namba yake ya NSSF mapema, wakati vyumba vimejaa na mwajiri anamhitaji.