Kwa nini dira ya Ulaya yaweza kumpoteza mkimbiaji Mbale

Katika mbio za ramani na dira, mchezo ulioanzia Skandinavia, mshindani hujichagulia njia kati ya kituo na kituo. Anayetoka tambarare ya Kimaka, Jinja, kukimbia mwishoni mwa juma kwenye miinuko ya Mbale, aitazame kwanza dira yake.

Sindano ya dira iliyoundwa kwa ajili ya Ulaya kaskazini huongezewa uzito upande wa kusini, kwani huko usumaku wa dunia huivuta ncha ya kaskazini chini. Karibu na ikweta mvuto huo haupo. Ncha ya kusini huinama, hata ikakwama. Penye ukungu, juu ya majabali ya Wanale, kosa hilo ni la hatari, si la kupoteza dakika tu.