Lumbesa yaumiza migongo ya wapagazi mipakani

Lori la mahindi likifungua mlango mpakani Namanga, wapagazi hugombea zamu. Mmoja huinama, wawili humtwika gunia, naye huondoka kwa mwendo wa haraka. Hulipwa kwa gunia, si kwa saa. Wengi ni vibarua wasio na mkataba wala bima; siku mgongo unapokataa, nyumbani hakuna unga.

Gunia la mahindi huhesabiwa kilo 90 nchini Kenya na kilo 100 Tanzania. Likifungwa lumbesa, uzito hupita hapo. Wapo wafanyabiashara wanaoipenda lumbesa kwa sababu ushuru na ujira vikihesabiwa kwa gunia, magunia machache ni gharama ndogo. Nafuu hiyo hulipwa na mpagazi.

Mwaka 1967, Shirika la Kazi Duniani (ILO) lilipendekeza nchi zinazoruhusu mwanamume mmoja kubeba zaidi ya kilo 55 zishushe kiwango hicho, na mzigo wa mwanamke uwe mwepesi zaidi. Kanuni za viazi za Kenya za mwaka 2019 zinataka gunia lisizidi kilo 50.

Hata hivyo, uzito si hatari pekee. Kati ya pingili za uti wa mgongo mna visahani vya gegedu. Mtu akiinua mzigo akiwa amepinda mgongo, akiushika mbali na kifua, au akizungusha kiuno bila kusogeza miguu, visahani hivyo hubanwa zaidi. Kimoja kikichomoza na kugusa mshipa wa fahamu, maumivu hushuka toka kiunoni hadi mguuni.

Maumivu mengi ya kiuno hupungua baada ya wiki chache, na kutembea taratibu hufaa kuliko kulala siku nyingi. Lakini miguu ikilegea, ganzi ikishika sehemu za siri au mkojo ukishindwa kuzuilika, mgonjwa afikishwe hospitali siku hiyo hiyo.

Mwenye mzigo anaweza kupunguza madhara haya. Afungashe kilo 50 au pungufu, akodi toroli au mkokoteni, na gunia zito liinuliwe na watu wawili. Ujira nao ukipangwa kwa kilo badala ya gunia, lumbesa haitakuwa na faida kwake.