Motokari Inakataa Kuwaka: Angalia Nsinga Mbele ya Kununua Batri

Asubui ya siku ya yenga, familia yote imekwisha kuingia ndani ya minibisi. Baba anazungusha ufunguo: tak! Kisha kimya. Redio inaimba, taa za ndani zinawaka, lakini motere haizunguki. Jirani anapita, anasema: «Batri imekufa, nunua ingine.» Baba anatoa feza za minervali ya watoto, ananunua batri mpya. Kisha juma mbili, motokari inakataa tena.

Wapendwa wasomaji, jambo hili linatokea katika familia nyingi za Lubumbashi, Likasi na Kolwezi. Mara mingi batri haina kosa hata kidogo. Kosa liko katika nsinga nene mbili zinazotoka kwake, ao katika vyuma vinavyokamata vichwa vya batri, ambavyo mafundi wanaita kose.

SABABU GANI REDIO INAIMBA?

Vijana wanaosoma fizike wataelewa upesi. Demarere, ndiyo inayoamsha motere, inaomba umeme mwingi: karibu amperi 150, na kwa motere ya mazutu hata zaidi. Redio inaomba amperi 2 ivi tu. Sasa, kama unga mweupe ao wa kijani umeota kati ya kose na kichwa cha batri, umeme unapita kwa shida. Tuseme kizuizi hicho ni omu 0,02 tu. Kwa redio kinakula volti 0,04. Hakuna atakayesikia tofauti. Kwa demarere kinakula volti 3! Batri nzima ina volti 12,6, basi zinabaki 9,6, na batri yenyewe inashuka pia wakati inapofanya kazi ile nguvu. Ni kama robine iliyofungwa nusu: kikombe kitajaa, lakini pipa utalingojea mpaka jioni.

Nsinga hizo ni za shaba, ile shaba iliyoanza kuyeyushwa kwetu Lubumbashi katika 1911. Shaba inapitisha umeme vizuri sana, lakini asidi ya batri inaikula polepole, hata chini ya ngozi yake ya plastiki. Ukiona nsinga imevimba ao imekuwa ngumu karibu na kose, ujue ndani imeoza. Barabara mbaya nayo inasaidia uharibifu: batri isiyofungwa vizuri inarukaruka, na kose zinalegea.

NAMNA YA KUPIMA

Kwanza, shika kose na mkono, motere ikiwa imezimwa. Ikizunguka, haikukazwa.

Pili, tafuta kipimo cha volti. Gusa ncha moja juu ya kichwa cha batri, ingine juu ya kose yake, mwenzako azungushe ufunguo. Kipimo kinapaswa kubaki karibu na sifuri. Kikifika nusu volti, hapo ndipo kuna ugonjwa.

Tatu, fuata nsinga ya alama ya − mpaka mwisho wake, kwenye karoseri na kwenye motere. Mafundi wanaiita masi. Wengi wanaisahau, na kutu inakaa pale miaka.

NAMNA YA KUSAFISHA

Zima motere. Toa kose ya − kwanza, kisha ile ya +. Wakati wa kurudisha, anza na +, na − iwe ya mwisho. Sababu ni hii: kama − ingali imefungwa na kle yako ikagusa + na karoseri pamoja, cheche kubwa itatoka. Changanya kijiko cha bikarbonati katika kikombe cha maji ya moto, mwanga polepole juu ya unga ule, lakini maji hayo yasiingie ndani ya batri. Sugua na brosi ya chuma mpaka chuma king'ae, pangusa, kaza vizuri, kisha pakaa vaselini kidogo. Asidi ikiruka machoni, osha na maji mengi kwa dakika 15 ao zaidi, na kwenda hospitali.

MAMBO YA KUKATAA

Usitoe kose wakati motere inazunguka eti unapima alternatere. Volti zinaweza kupanda gafula na kuua alternatere pamoja na kalkulatere ya motokari. Pima tu: motere ikizunguka, batri inapaswa kuonyesha karibu volti 14.

Usiangalie maji ya batri kwa mshumaa ao kiberiti. Wakati wa kuchaji batri inatoa gazi ya idrojeni, na gazi hiyo inapasuka.

Zaidi ya yote, fizibule ikiungua, usiweke kipande cha nsinga fasi yake. Fizibule imetengenezwa ife yenyewe kusudi nsinga zisiungue. Ukiizuia kufa, moto utatafuta njia ingine, chini ya viti ambako watoto wamekaa.

Kama umefanya hayo yote na motokari bado inakataa, sasa enda kwa fundi, na umwambie vipimo ulivyopata. Fundi mwaminifu atafurahi kwa kuwa umemrahisishia kazi. Asiye mwaminifu ataogopa kukuuzisha batri usiyohitaji.