Hita ya Maji Inavyokula Tokeni: Chagua Inayofaa Nyumba Yako

Julai ikifika na baridi ikaanza kuuma, jumbe za tokeni huongezeka kwenye simu. Shilingi 500 zilizokuwa zikisukuma wiki mbili sasa hazifiki hata wiki moja. Mita ndiyo hulaumiwa kwanza, kisha friji, kisha jirani. Lakini mara nyingi anayekula stima yuko bafuni.

Leo tunaangalia hita ya maji: ipi inafaa nyumba gani, na jinsi ya kuzuia maji moto yasipotee bure. Hesabu zote hapa unaweza kuzirudia mwenyewe kwa kalkuleta ya simu.

Yuniti moja inaisha kwa muda gani?

Yuniti moja ni wati 1,000 zikitumika kwa saa nzima. Balbu ya LED ya wati 10 huhitaji saa 100 kuimaliza. Hita ya shawa ya wati 5,500 huimaliza kwa dakika 11 hivi.

Sasa tuseme nyumba ina watu wanne, na kila mmoja anaoga mara moja kwa siku kwa shawa hiyo, swichi ikiwa kwenye moto wa juu kabisa:

- Dakika 10 kila mtu: karibu yuniti 3.7 kwa siku, yaani 110 kwa mwezi.
- Dakika 5 kila mtu: yuniti 55 kwa mwezi.

Hapo ndipo mfuko unapoguswa. Kenya Power huwapanga wateja wa nyumbani kwa madaraja, ikiangalia wastani wa matumizi ya miezi mitatu: hadi yuniti 30, kutoka 31 hadi 100, na zaidi ya 100. Ukipanda daraja, bei ya yuniti nayo inapanda. Ikiwa taa, runinga na friji zenu hutumia yuniti 40 kwa mwezi, kuoga kwa dakika 10 kunawafikisha 150. Kwa dakika 5, mnabaki 95. Hita ni ileile na nyumba ni ileile, lakini daraja limebadilika.

"Hii haili stima"

Ukienda dukani utasikia maneno hayo. Yasikilize, kisha kumbuka jambo moja: maji hayajui yamepashwa na nini. Kupasha ndoo ya lita 15 kutoka nyuzi 20 hadi 40 kunahitaji karibu yuniti 0.35, iwe ni kwa shawa, tangi, birika au koili. Tofauti kati ya hita moja na nyingine ya stima ni maji mangapi unayotumia, na joto kiasi gani linapotea kabla hujaoga.

Kwa hivyo usianze na bei ya dukani. Anza na maswali haya: tuko wangapi, tunaoga saa ngapi, maji yetu ni ya aina gani, na nyumba ni yetu au ya kupanga?

Hita ya shawa

Hii hupasha maji yanapopita, kwa hivyo hakuna maji moto yanayokaa yakipoa. Inafaa bedsita na nyumba ya mtu mmoja hadi watatu, na mpangaji anaweza kuhama nayo.

Uliza kuhusu maji kwanza. Maeneo mengi hutumia maji ya kisima yenye chumvi, ambayo hula elementi ya kawaida haraka. Kuna hita zilizotengenezwa kwa maji ya chumvi. Zina bei zaidi, lakini ukinunua ile ya maji baridi ya kawaida ukaifunga kwenye maji ya chumvi, utarudi dukani mapema.

La pili ni waya. Wati 5,500 huvuta karibu ampea 23. Usiifunge kwenye waya wa taa au soketi. Inahitaji laini yake yenyewe kutoka kwenye mita, swichi yake, na waya wa ardhi, ule mafundi huita ethi. Tumia fundi mwenye leseni ya EPRA. Ukiguswa na stima kidogo unapofungua bomba, usizoee. Zima swichi, umwite fundi.

Hita ya tangi

Familia kubwa inayotaka maji moto bafuni na jikoni huenda ikapendelea tangi. Tangi la lita 50 likipashwa kutoka nyuzi 20 hadi 60 hutumia yuniti 2.3. Maji hayo ukiyachanganya na baridi unapata lita 100 za kuogea, yaani watu wanne kwa lita 25 kila mmoja.

Kasoro yake ni kusahauliwa. Tangi likiachwa limewashwa mchana kutwa, hupoa na kujipasha tena hata kama hakuna mtu nyumbani. Lenye elementi ya wati 1,500 huchukua kama saa moja na nusu kupasha lita 50. Washa kwa wakati, ogeni mkifuatana, kisha mzime. Kama hamwezi kukumbuka, kifaa cha saa cha kuwasha na kuzima kitawakumbukia.

Sola na gesi

Sola inafaa zaidi mwenye nyumba, kwa sababu gharama ya kuanza ni kubwa na paa linahitaji kubeba tangi. Baada ya hapo jua ndilo linalolipa. Angalia tu swichi ya elementi ya stima ya akiba: ikiachwa imewashwa kila siku, utakuwa na sola paani na bado unanunua tokeni za maji moto.

Hita ya gesi hupunguza tokeni lakini hula mtungi. Ifungwe nje au mahali penye hewa ya kutosha. Usikubali ifungwe ndani ya bafu lililofungwa: hewa ya sumu inayotokana na moto huo haina harufu, na huua.

Na koili ya kutumbukiza kwenye ndoo? Wengi tunaijua, na ni hatari. Ukiitumia, zima na uchomoe kwanza, ndipo uguse maji. Watoto wasiachwe karibu nayo.

Punguza upotevu kuanzia leo

- Funga maji unapojipaka sabuni. Dakika tatu za kujisugua huku shawa inamwagika ni stima inayoenda kwenye mtaro.
- Shusha swichi ya shawa kutoka moto wa juu siku zisizo na baridi. Mombasa, huenda usiihitaji kabisa.
- Kama tangi liko mbali na bafu, kinga kwa ndoo yale maji baridi yanayotangulia. Yatafaa choo au kufua.
- Rekebisha bomba la maji moto linalodondoka.
- Osha vyombo kwenye beseni badala ya chini ya bomba lililofunguliwa.

Kabla ya kuweka PIN

Ukinunua hita mtandaoni, usitume pesa kwa nambari ya mtu binafsi anayekuambia "ni ya mwenye duka". Lipa kwa Till au Paybill, na usome jina linalotokea kabla ya kuthibitisha. Lisipolingana na la duka, katisha. Ikiwezekana, lipa baada ya kuiona bidhaa.

Kwa sola ya lipa mdogo mdogo, jumlisha kila kitu kwanza. Tuseme bei ya pesa taslimu ni shilingi 60,000, na mkopo ni amana ya 10,000 pamoja na 2,500 kwa miezi 24. Jumla ni 70,000. Hizo 10,000 za ziada ndizo bei ya kulipa polepole. Huenda zikakufaa, ila zijue kabla hujaanza.

Fanya jaribio hili wiki hii

Fungua taarifa ya miamala kwenye simu na ujumlishe tokeni ulizonunua kwa miezi mitatu. Jumbe za tokeni zitakuonyesha yuniti, kwa hivyo gawanya kwa tatu uone uko daraja gani. Kisha, jioni moja, soma salio la mita kabla ya mtu wa kwanza kuoga na baada ya wa mwisho kutoka. Wakati huo msipike kwa stima wala kupiga pasi. Tofauti utakayoona ni gharama ya maji moto ya siku moja. Izidishe kwa 30 kabla ya kwenda kununua hita nyingine. Pengine iliyopo inatosha, mkipunguza dakika tu.